Honi Niliyoisubiri Kwenye Shingo ya Mto

Peni, mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tumeamkiana asubuhi na chai tumekunywa pamoja. Habari za godoro, ndoo na kufuli la sanduku nazo naziacha. Orodha ya shule umeisoma mara nyingi kuliko mimi na kila kitu umekitia alama. Sasa ni saa tisa alasiri. Umekwenda kwa kinyozi kupunguza nywele kama shule ilivyoagiza, na ukitoka hapo utapita kanisani kuagana na wenzako wa kwaya. Nina kama saa mbili. Kazi yangu ni barua na majalada, kwa hiyo saa mbili zingetosha, lakini wiki nzima nimekaa mezani hapa kila jioni na sijaandika hata mstari mmoja.

Nina hofu, Peni. Naona nianze na hilo.

Kesho mjomba wako Chilongani, kaka wa mama yako, atakupokea stendi. Shule ikifunga kwa siku chache utakaa kwake. Matokeo ya kupangiwa shule yalipotoka nilimpigia simu kumwambia kwamba umepelekwa upande wao. Tulikuwa hatujaongea tangu alipokuletea karanga, ukiwa darasa la tatu. Huenda unakumbuka mtu mrefu aliyesimama mlangoni, akakataa kiti, akakataa maji, akakushika kichwa na kuondoka.  Kwenye simu alisema, "Mtoto aje. Kwangu ni kwa mama yake. Ila umwambie wewe, shemeji, kabla hajapanda gari. Usipomwambia nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema polepole."

Nikaahidi kwamba nitakwambia. Kesho asubuhi unapanda gari.

Unachokijua ni hiki: mama yako Mwendwa alichukuliwa na Mto Mhelu ukiwa na miezi minane, maji yalikuja ghafla, hakuna aliyeyajua. Hivyo ndivyo nilivyokusimulia ulipouliza mara ya kwanza, umeegemea goti langu, na hivyo ndivyo nimerudia kila ulipouliza tena. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya mwisho si kweli. Kuna mtu aliyejua. Vumilia nieleze tangu mwanzo, maana nikiruka hatua nitakimbia.

Mhelu wa utotoni huukumbuki, unaujua kwa maneno yangu tu. Mara nyingi umeniuliza, "Baba, si utupeleke tukauone?" nami nilikuwa na udhuru kila mara: kazi, barabara, mvua, ukosefu wa mvua. Ulipokuwa kidato cha pili ulifinyanga korongo la udongo kwa ajili ya maonyesho ya shule, ukaniomba nikague, nikakusahihisha kona mbili bila kufikiri. Ukashangaa. Ukasema, "Kumbe unaukumbuka hivyo." Nikaenda nje kuangalia kama bomba limefungwa.

Ninaukumbuka, ndiyo. Kijiji chetu kiko juu ya ukingo, pale ambapo ukisimama asubuhi unaliona bonde la Bahi lote chini yako, na majaruba yake ya mpunga kama vioo mwaka wa mvua nzuri. Nilipokuwa kidato cha tano mwalimu wetu wa jiografia alitueleza jinsi mto unavyoweza kujipinda kama nyoka ndani ya mwamba mgumu. Jambo lile lilinikera. Mto uliopinda ni mto wa tambarare. Unatembea polepole, unasukumwa huku, unaegemea kule, hauna haraka. Mto wa milimani, wenye kasi, hukata moja kwa moja. Sasa Mhelu wetu uliwezaje kuwa na mapindo ya mto mvivu katikati ya kuta za mwamba ambazo ukitupa jiwe unahesabu kabla halijafika?

Mwalimu akasema: mto ulikuwepo kwanza. Ulijipinda zamani, nchi ikiwa tambarare, hata korongo halipo. Kisha nchi yenyewe ikaanza kuinuka, huku bonde la Bahi likizama upande wa pili. Iliinuka kidogo sana, kwa mwendo ambao hakuna kiumbe angeuona katika maisha yake. Mto ukifika asubuhi unakuta njia yake ni ileile, ila imeinuliwa unene wa ukucha. Unaukwangua ule ukucha kwa mchanga na mawe unayobeba, unapita. Hauna sababu ya kutafuta njia nyingine. Nchi inapanda, mto unakata. Inapanda tena, unakata tena. Mwisho wake lile pindo la uvivu, lililofanywa siku ambayo lingeweza kusahihishwa kwa kuporomoka kidogo kwa ukingo, limefungwa ndani ya mwamba na haliwezi kutoka.

Nilirudi likizo na habari hizo kama mtu aliyerudi na redio mpya. Kila aliyekaa karibu yangu nilimweleza. Wakanipa jina: Mwalimu wa Mawe. Nikipita na ndoo, wazee walikuwa wakinisalimu kikwetu, "Mbukwa, Mwalimu wa Mawe! Leo nchi imepanda kiasi gani?" Mama yako, ambaye tulikuwa hatujaoana bado, alikuwa hanicheki wakati huo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo mwalimu hakutufundisha: mto wenyewe unafanya kazi lini, maana mwaka mzima ni mchanga mtupu?

 Jibu nimelipata baadaye. Mhelu una maji siku chache kwa mwaka, na siku zenyewe ni saa chache za mafuriko. Korongo lote lile, kina chote kile, limechimbwa na saa hizo.

Sasa nikwambie juu ya Shingo. Kuna mahali ambapo mto unazunguka kitanzi kikubwa na kukaribia kujigusa. Kati ya mto unaokwenda na mto unaorudi pamebaki ukuta mwembamba wa mwamba, mtu anaupita kwa hatua chache. Huo tunauita Shingo. Ukisimama juu yake, mkono mmoja unaona mto unakotoka, na mkono wa pili unaona uleule ukirudi baada ya kuzunguka. Kiangazi kikikolea watu walikuwa wakichimba visima vya mchanga upande wa kurudi, kwa sababu mchanga wa pale unashika maji. Mwezi wa kumi na moja visima hivyo huwa virefu kuliko watu wawili. Mmoja anakaa chini kabisa anachota kwa kibuyu, wa pili yuko katikati kwenye ngazi iliyokatwa mchangani, wa tatu yuko juu anapokea ndoo na kumimina kwenye hori la ng'ombe. Na wiki hizohizo ndizo mvua za kwanza hunyesha mbali, huko mto unakotoka, wakati juu yenu mbingu ni bluu na jua linawaka.

Kwa hiyo lazima mtu akae Shingoni na debe na fimbo. Kila kaya ina zamu. Sheria ni moja na mtoto wa miaka saba anaijua: piga ukisikia, usisubiri kuona. Ukisikia maji kabla hayajaingia kitanzini, watu wana muda wa kupanda ile njia ya pekee yenye mwinuko, wakaacha ng'ombe wapande wenyewe. Ukisubiri mpaka uyaone yakipita upande wa kwanza, utakaobaki kwao ni muda wa maji kuzunguka kitanzi tu. Nusu ya njia.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na natafuta kazi. Tulikuwa tumefunga ndoa kwa haraka, wewe ukiwa tumboni, na baba yangu alikuwa bado hanitazami usoni vizuri. Ukazaliwa. Nilitaka kuonekana mtu. Zamu yetu ya Shingoni ilipofika nikasema nitakwenda mimi.

Zamu ya kwanza nilisikia muungurumo. Sikusubiri, nilipiga debe mpaka likabonyea. Watu wakatoka mbio, bibi mmoja akaacha ndoo zake, ng'ombe wakakanyagana, ndama wa baba mdogo akavunjika mguu. Wakasimama wote juu wakihema, wanatazama mto. Mto mkavu. Kisha upepo ukageuka na tukasikia vizuri: honi, ndefu, kutoka mbali. Ilikuwa treni ya mizigo inapanda ukingo kutoka Bahi.

Peni, wewe umenitazama nikicheza na watoto wa jirani ukafikiri mimi ni mtu wa kupokea utani. Kijiji kizima kilicheka wiki nzima. Jina la Mwalimu wa Mawe likaisha, nikawa Stesheni Masta. Kilabuni waliniuliza gari la saa ngapi linakwenda Tabora. Wanawake kisimani waliomba tiketi za mkopo. Baba mdogo, mwenye ndama, hakucheka. Alimwambia baba yangu mbele yangu kwamba shule imeniharibu masikio. Baba akajibu, "Si masikio tu." Hilo la baba ndilo lililoingia.

Wiki iliyofuata zamu ikarudi, maana nyumba mbili zilikuwa na msiba wakaomba tuwabadilishie. Asubuhi mama yako alikuacha kwa marehemu bibi yako, akajifunga kanga, akachukua kibuyu. Alikuwa mwembamba, ndiye aliyekuwa akishuka chini kabisa ya kisima, kwa sababu mchanga haubomoki ovyo kwa mtu mwepesi. Chilongani alikuwa wa katikati. Tulipoachana njia panda mama yako akanigeukia akicheka, akasema, "Haya, Stesheni Masta, leo usitukatie tiketi bure. Uwe na hakika kwanza."

Nimekuandikia maneno yale kama alivyoyasema kwa sababu kuna jambo baya nimelifanya nayo. Miaka mingi, peke yangu, nimekuwa nikijitetea kwayo. Nimejiambia: si mwenyewe alisema? Nimemchukua mtu aliyekuwa anamtania mumewe njiani nikamfanya shahidi wangu. Mama yako alikuwa na utani kwa kila mtu. Alikuwa anajua sheria ya Shingoni vizuri kuliko mimi.

Ilikuwa saa tano hivi. Mbingu nyeupe kwa joto. Nikasikia muungurumo.

Nilisimama. Fimbo niliinyanyua, hilo nalikumbuka kwa mkono wenyewe. Kisha nikafikiri: treni. Na kama ni treni, ikifika daraja la reli itapiga honi, kama wiki iliyopita. Basi nisubiri honi. Ikilia, nitaketi, hakuna atakayejua. Isipolia, nitapiga.

Ndivyo nilivyofanya. Nilisimama na fimbo juu nikisubiri honi ya treni, huku muungurumo unakuja, na ulikuwa na kitu ndani yake ambacho treni haina, kama magunia ya karanga yanayoburutwa sakafuni. Nilijua. Sitaki kukwambia kwamba sikujua. Masikio yangu yalijua, miguu yangu ilijua, hewa ilikuwa imeanza kunukia udongo uliolowa na huku kwetu hakuna tone lililodondoka. Kichwa kiliomba dakika moja zaidi ya hakika. Kisha nikayaona yakitokea kona ya juu, ya kahawia, yamebeba mti mzima umesimama wima, nikapiga debe.

Waliotoka walitoka. Wa juu wote walitoka. Chilongani alikuwa ameshika ngazi ya mchanga kwa mkono mmoja na mkono wa dada yake kwa mkono mwingine, na kisima kilibomoka kabla maji hayajafika vizuri, kwa mtetemeko tu. Alitolewa na watu wawili, mguu wake umevunjika mara mbili. Mama yako maji yalimchukua pamoja na mchanga, tukampata kesho yake asubuhi, chini kabisa, mto unapotoka mwambani kwenda majaruba ya Bahi.

Jioni ile, Chilongani amelazwa kwenye ngozi uani anasubiri gari la kumpeleka hospitali, aliniita. Nilidhani anataka maji. Akaniuliza, "Uliusikia saa ngapi?"

Nikamwambia, "Sikuusikia. Niliuona tu."

Akanitazama. Akasema, "Mimi nilikuwa nimetoa kichwa juu ya kisima kupokea ndoo tupu. Nilikuona umesimama na fimbo juu."

 Wazee walikaa, wakaniuliza, nikarudia uongo uleule kwa sauti iliyo sawa. Wakasema mto ni mto, kijana amefiwa na mke, aachwe. Shemeji yangu angeweza kusema mbele yao, hakusema. Sasa nadhani alinyamaza kwa ajili yako, ili usibaki na mzazi aliyefukuzwa. Tangu siku hiyo hajaweka mguu nyumbani kwangu ila ile siku ya karanga.

Sasa umejua. Nimelala na sentensi zile miaka kumi na sita, na kuziandika kumechukua muda mfupi kuliko kufungua jalada jipya.

Ningekuwa nimejifunza pale ningekuandikia leo kama mtu aliyevuka. Sikujifunza, au nilijifunza kinyume. Ukiwa darasa la nne ulipata homa. Nilipima joto lako kwa kiganja, nikapima tena, nikasema nisubiri asubuhi nisije nikaonekana baba mwenye kiherehere anayekimbilia zahanati kwa mafua. Ulipoanza kutetemeka na macho kugeuka, aliyekubeba ni Mama Suzi wa nyumba ya pili, aliyeingia bila kubisha, akanisukuma na kusema, "Wewe baba, unasubiri nini, cheti?" Ulipona. Umekuwa ukilisimulia kama kichekesho, jinsi Mama Suzi alivyokimbia na kiatu kimoja. Mimi nilikuwa nyuma yake nabeba kile kiatu cha pili, na nilikuwa nikisikia muungurumo.

Huko Mtumba kazini wananisifu. Jalada halitoki masjala kwangu bila kukaguliwa mara tatu. Mkuu wangu huwaambia wageni kwamba nikisema folio, hata karatasi moja ya jalada, ipo, ipo. Wamenipandisha daraja kwa sababu ya kitu kilichomuua mama yako. Nikisifiwa huinamisha kichwa, nao hudhani ni unyenyekevu.

Nimefikiri sana kwa nini sikukwambia mapema. Ulipokuwa na miaka mitano, siku nilipokutoa kwa bibi yako kukuleta hapa Nzuguni, ingekuwa rahisi. Ningesema, baba alichelewa kupiga debe, mama akafa, baba anasikitika. Ungelia, ungelala, ungekua nalo. Uongo wangu wakati huo ulikuwa pindo dogo kwenye tambarare. Lakini wewe ulikua, Peni. Wewe ndiye nchi iliyopanda. Kila mwaka ulipanda kidogo na maswali yako, na akili yako, na huo upendo wako wa mito uliourithi kwangu bila kujua unarithi nini, nami kila mwaka nilipita njia yangu ileile ya zamani, kwa maneno yaleyale, nikikata chini zaidi. Sikuwahi kukaa nikapanga kukudanganya mpaka utu uzima. Nilipita tu palipokuwa na njia. Leo nimetazama juu nikaona kuta.

Ulipochagua tahasusi yenye Jiografia ulikuja mbio kunionyesha fomu. Ulisema unataka siku moja uwapeleke wanafunzi wako Shingoni, uwaonyeshe kitanzi. Nilikupongeza. Nilienda chumbani nikaketi kitandani na viatu.

Sijui nikushauri nini, na ninaogopa mshauri aliyefanya nilichofanya mimi. Naweza kukwambia tu jinsi hesabu yangu ilivyokosewa. Nilidhani aibu ya kupiga debe bure na hasara ya kutopiga ni vitu vya kupima kwenye mzani mmoja. Ningepiga mara kumi, tisa zikawa treni, wangecheka mara tisa. Mama yako angecheka kuliko wote. Angezeeka anacheka. Leo asubuhi angekuwa anakufungia vitumbua na kunisimanga mbele yako kwa jina la Stesheni Masta, na wewe ungeniuliza kwa nini naitwa hivyo.

Na jambo jingine, ambalo silijui vizuri. Nilisubiri hakika ije kutoka nje, kwa sauti kubwa, ili nisiwe mimi ninayeamua. Utakutana na watu wanaoishi hivyo, wengi wao ni waungwana, wasafi, wanaaminiwa funguo. Mimi ni mmoja wao. Usiolewe na mmoja wao ukidhani ni utulivu. Hapo nimeanza kukuhubiria, naacha.

Mpango wangu wa tangu juzi ulikuwa kuikunja barua hii ndani ya daftari lako, katikati ya nguo, uikute huko wiki ijayo ukiwa umeshapata marafiki na kitanda. Nilijiambia ni kwa ajili yako, usisafiri na moyo mzito. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimeona ninachofanya. Wiki ijayo mjomba wako atakuwa amekwisha kusema, nami nitakuwa nimesikia, nimenyanyua mkono, nimesubiri. Kwa hiyo sitaikunja popote.

Mama Suzi amepita dirishani sasa hivi, anasema amekuona nje ya kanisa mnapiga picha, kichwa chako kidogo kama cha kifaranga, na kwamba unakuja. Nimemwomba, bila kumweleza, kwamba ukitaka kulala kwake leo akupokee asiulize. Amenitazama vibaya akasema sawa. Tiketi yako iko mezani. Ukitaka nikusindikize stendi nitakusindikiza, ukitaka aje Mama Suzi nimeshamwambia saa. Ukitaka kuniuliza chochote, hata mara mia, hata lile uliloona nimelijibu hapa, nitajibu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Usiku wa leo ni wako, sina haki ya kuupanga. Najua nakupa huu mzigo siku ambayo ungepaswa kuwa na furaha, na hakuna siku iliyobaki ambayo si hiyo.

Msamaha siombi kwenye karatasi. Karatasi ni rahisi kwangu mno.

Nakuomba kitu kimoja juu ya kesho. Ukishuka kwenye gari utamwona mtu mrefu anayechechemea. Mpe shikamoo kwa mikono miwili. Hajui kuanza mazungumzo, atakuuliza njia ilikuwaje kisha atanyamaza. Baadaye, labda wakati wa kula, labda siku ya pili, ataanza kusema juu yangu. Wewe una moyo mwepesi kwangu, nakujua. Umenitetea kwa walimu, kwa mwenye nyumba, kwa Mama Suzi mwenyewe. Akianza, Peni, usinitetee. Mwache aseme mpaka amalize. Yeye ndiye aliyeshika mkono wa mama yako, na tangu siku ile hakuna mtu wa damu yake aliyemkalia chini akamsikiliza mpaka mwisho.

Nasikia sauti yako kwa jirani unasalimia. Natoka kuja kukukabidhi barua hii kabla hujavua viatu.

Baba yako